Kuinua Hiace ili Ivae Matairi Makubwa

Kuinua gari ni kuongeza nafasi kati ya bodi na magurudumu yake. Kazi yenyewe hufanyika kwenye springi, shokapu na viungo vinavyobeba bodi, na katika basi dogo aina ya Hiace lengo lake la kwanza ni kupata mahali pa kuweka tairi kubwa kuliko lile lililotoka nalo kiwandani. Wenye magari wengi huamini kwamba kuinua peke yake ndiko kunakolivusha gari kwenye makorongo na mawe. Huo ni ukweli nusu. Springi zikiinuliwa, bodi, tangi la mafuta na bampa hupanda, lakini ekseli ya nyuma, pamoja na difu iliyo katikati yake, hubaki palepale ilipokuwa, kwa sababu ekseli hiyo hubebwa na magurudumu yenyewe. Kinachoiondoa difu ya nyuma karibu na ardhi ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, basi. Kipenyo kikiongezeka milimita 40, difu hupanda milimita 20, kwani nusu nyingine ya ongezeko huenda juu ya ekseli. Ndiyo maana hesabu huanzia kwenye tairi, kisha ikarudi kwenye springi. Anayeanza na springi huishia na gari refu linalokwangua difu palepale lilipokuwa likikwangua zamani.

Toyota ilianza kuuza Hiace mwaka 1967. Inayozungumziwa hapa ni ile ya toleo la 200, iliyotoka Japani Agosti 2004, ambayo katika miji ya Tanzania na Kenya hubeba abiria, watalii, wagonjwa na mizigo ya maduka. Nyingi kati ya hizo husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Lakini miongoni mwa magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani zimo pia Hiace zinazovuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, ambazo huko kwao hupendwa katika mikoa ya theluji. Injini yake iko chini ya viti vya mbele. Gurudumu la mbele hushikwa na mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, na springi yake ni fito ndefu ya chuma inayosokotwa gurudumu linapopanda. Nyuma kuna ekseli nzima iliyofungwa kwenye springi bapa. Gari halina gia ya taratibu ya kupandia miamba kama ya Land Cruiser. Bodi nyembamba ina upana wa milimita 1,695 tu, ilhali kimo chake kinakaribia mita 2. Vipimo hivyo viwili ndivyo vinavyoamua ni kiasi gani cha kuinua ambacho gari hili linaweza kukistahimili.

Tairi la kiwandani la Hiace hii huandikwa 195/80R15, na pembeni mwa namba hizo huwa kuna nyingine: 107/105. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 80 inaeleza kwamba kimo cha ukuta wa tairi ni asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 156. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Kuta mbili na rimu zikijumlishwa, tairi zima lina kipenyo cha milimita 693. Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa tairi la 235/75R15, ambalo lilivaliwa na magari mengi ya zamani ya porini na bado linapatikana kwa urahisi, jibu ni karibu milimita 734. Kwa hiyo difu hupanda milimita 20. Kwa macho, hilo ni tairi la kupendeza: pana, refu, na linaingia kwenye rimu ya inchi 15.

Hata hivyo, namba ya mzigo ndiyo inayopaswa kusomwa kabla ya nyingine zote, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi zaidi. Kwenye 107/105, namba ya kwanza inahusu gurudumu linalokaa peke yake na maana yake ni kilo 975. Ya pili ni kwa magurudumu yanayofungwa mawili mawili kama ya lori. Matairi mengi ya 235/75R15 yameandikwa 105, ambayo ni kilo 925. Tairi limekuwa kubwa, lakini uwezo wake wa kubeba umepungua kilo 50, na kwa ekseli nzima ya nyuma upungufu huo unafika kilo 100, uzito wa gunia zima la mahindi. Sababu ni kwamba tairi la Hiace limejengwa kwa ajili ya magari ya mizigo: kuta zake ni nene, na hujazwa upepo mwingi kuliko tairi la gari la starehe. Hiace iliyojaa abiria na mizigo yao ikivishwa tairi laini, kuta hupinda kila mzunguko, hupata joto, na siku moja tairi hupasuka gari likiwa kwenye mwendo. Yako matairi ya saizi hiyohiyo yaliyoimarishwa na kuandikwa 109, yaani kilo 1,030, na mnunuzi anayetaka rimu ya inchi 15 atafute hayo bila kukubali mengine.

Njia iliyo bora zaidi ni kuhamia rimu ya inchi 16 na matairi yenye herufi C mwishoni mwa saizi. Herufi hiyo ni alama ya matairi ya magari ya biashara. Tairi la 215/75R16C lina kipenyo cha milimita 729, hivyo difu hupanda milimita 18, pungufu ya lile la 235/75R15 kwa milimita 2 tu. Lakini namba yake ya mzigo kwa kawaida ni 113, yaani kilo 1,150. Tena ni jembamba kwa milimita 20 kuliko lile la 235. Wembamba huo ni faida: upinde wa gurudumu la mbele la Hiace hauna nafasi ya kuchezea, na kwenye tope la juujuu lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba hukata tope na kuifikia ardhi hiyo. Kwenye mchanga mwingi hali ni kinyume, tairi pana huelea vizuri zaidi. Anayeishi kando ya fukwe na kupita mchangani kila siku ana haki ya kuchagua tofauti.

Rimu za Hiace zina matundu sita ya nati yaliyopangwa kwenye duara la milimita 139.7, mpangilio uleule wa Hilux na Prado. Kwa sababu hiyo wengi hununua rimu za Prado zilizotumika na kuzifunga moja kwa moja. Nati zinaingia, ni kweli. Kinachotofautiana ni kina, yaani uso wa rimu unaofungwa kwenye gari uko upande wa nje kiasi gani ukilinganisha na katikati ya upana wa rimu. Rimu yenye kina kidogo hulisogeza tairi nje ya bodi. Likitoka nje, huchora duara kubwa zaidi usukani unapokatwa na kugonga ukingo wa upinde. Uzito wa gari nao huanza kuzilemea beringi za magurudumu kwa upande, zikafa mapema. Vipande vya alumini vinavyowekwa kati ya rimu na gurudumu ili kupanua gari vina madhara hayohayo, tena vinaongeza nati nyingine za kulegea.

Kabla ya kuinua chochote, tairi jipya hujaribiwa kwenye gari likiwa bado katika kimo chake cha kawaida. Fundi makini hufunga tairi moja la mbele, hupaka chokaa au chaki nyeupe ndani ya upinde wote, plastiki yake na kipande cha kuzuia tope, kisha gari huendeshwa polepole usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kulia na kushoto, mbele na kinyumenyume. Halafu hupitishwa kwenye mtaro kwa mshazari, ili gurudumu la mbele la upande mmoja lipande kadiri linavyoweza huku watu wamekaa ndani. Gari likirudi gereji, chaki husomeka wazi. Mara nyingi imefutika sehemu mbili: kwenye mdomo wa nyuma wa upinde, na kwenye plastiki iliyo karibu na bampa. Mkwaruzo wa upana wa kidole kwenye plastiki huondolewa kwa kisu na hewa ya moto. Mkwaruzo kwenye chuma cha bodi ni jambo jingine. Hapo ndipo kuinua kunapopata sababu, na urefu wa alama ya chaki ndio unaoonyesha ni milimita ngapi zinahitajika. Kuinua bila kipimo hiki ni kubahatisha.

Upande wa mbele, Hiace huinuliwa bila kununua kitu. Kila fito ya msokoto ina bolti ya kurekebishia kwenye mwisho wake. Bolti ikikazwa, fito husokotwa zaidi na pua ya gari hupanda. Urahisi huo umewaponza wengi. Fito haipati nguvu mpya kwa kukazwa. Ni mkono wa gurudumu tu uliosukumwa chini. Gurudumu lina safari ya kupanda na safari ya kushuka, na jumla yake haibadiliki. Pua ikipandishwa milimita 30, milimita 30 zimeondolewa kwenye safari ya kushuka. Zikizidi hapo, mkono wa juu huanza kuegemea mpira wake wa kizuizi hata gari likiwa limesimama, na kila shimo linasikika kama nyundo kwenye sakafu. Shokapu nayo hufika mwisho wa urefu wake na kuvutwa hadi kuvuja. Milimita 25 hadi 30 ndicho kipimo ambacho vifaa vya kiwandani huvumilia; zaidi ya hapo zinahitajika shokapu ndefu, mikono ya juu iliyobuniwa upya, na difu ya mbele kushushwa kwa vipande vya chuma.

Difu hiyo ya mbele ndiyo inayoitenga Hiace ya magurudumu manne na Hiace za kawaida. Imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo hupanda pamoja nayo, huku magurudumu yakibaki chini. Shafti fupi zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu hulazimika kuinama zaidi. Sivi jointi zilizo kwenye ncha zake zimetengenezwa kufanya kazi kwenye pembe ndogo kwa muda mwingi na pembe kubwa kwa muda mfupi. Zikiishi kwenye pembe kubwa, mipira inayozifunika hujikunja, mikunjo husuguana, na baada ya miezi michache mpira hupasuka. Grisi hutoka, vumbi huingia, na mlio wa tak-tak-tak wakati wa kukata kona ni dalili kwamba jointi imekwisha. Kwenye barabara za vumbi jekundu uharibifu huo huchukua wiki chache tu. Kila mwisho wa mwezi mmiliki wa gari lililoinuliwa apaswa kulala chini na kuvitazama vifuniko hivyo kwa tochi, akitafuta michirizi ya grisi upande wa ndani wa rimu.

Nyuma, mambo yanategemea jinsi ekseli ilivyofungwa, na hapa makosa ni mengi. Kama springi bapa zimepita juu ya ekseli, kipande cha chuma kikiwekwa kati yao gari hupanda. Kama springi zimepita chini ya ekseli, kipande hichohicho kitalishusha gari. Wapenda magari ya chini wa Japani hushusha Hiace zao kwa vipande vya namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fundi hutazama chini kwanza. Njia inayofaa kwa gari la mizigo na abiria ni kuongeza bapa moja kwenye springi, au kupeleka springi kwa mafundi wa springi wakazipinda upya. Bapa la nyongeza hukaza gari pia, na hilo hufurahisha likiwa limejaa, lakini likiwa tupu kwenye barabara ya rasta abiria wa kiti cha nyuma atarushwa. Njia ya tatu ni kurefusha sheko, vile vyuma viwili vinavyoning'iniza mkia wa springi. Sheko ikirefushwa milimita 50, ekseli hushuka karibu nusu tu ya hizo, kwa sababu ni ncha moja ya springi iliyosogezwa. Tena ekseli huzunguka kidogo na pua ya difu hubadilisha mwelekeo, shafti ya propela ikaanza kutetema kwenye mwendo wa barabara kuu. Mtetemo huo ukisikika, tiba yake ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli, na dereva hapaswi kuuzoea.

Kuna kifaa kidogo nyuma ambacho mafundi wachache hukumbuka, nacho kinahusu uhai wa watu. Hiace nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likijaa, bodi hushuka, fimbo husukumwa, na vali huruhusu nguvu zaidi kwenda kwenye breki za nyuma; gari likiwa tupu, bodi hupanda na vali hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari kuteleza. Gari likiinuliwa milimita 40 nyuma, vali hudanganyika. Huona gari tupu hata likiwa na abiria 14. Breki za nyuma hupungua nguvu siku zile hasa zinapohitajika, zile za mbele hubeba kazi yote, na kwenye mteremko kama wa Kitonga huwa moto mpaka pedali inalegea. Marekebisho ni kurefusha kishikio cha fimbo kwa kiasi kilekile ambacho bodi imepanda, kisha kuzijaribu breki gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Gereji inayoinua Hiace bila kuigusa vali hiyo haijamaliza kazi na haistahili kulipwa.

Mipira ya breki inayotoka kwenye bodi kwenda kwenye magurudumu hukaguliwa pia, gari likiwa limening'inizwa kwa jeki na magurudumu yameshuka mpaka mwisho. Kama mpira umevutika, unabadilishwa kwa mrefu zaidi. Hali kadhalika waya za vihisio vya breki na kebo ya breki ya mkono. Alaimenti hufanywa siku hiyohiyo, kwani kuinua pua hubadilisha mielekeo ya magurudumu na matairi mapya yanaweza kuliwa upande mmoja ndani ya wiki chache. Taa za mbele hushushwa, zisije zikawapofusha wanaokuja.

Sasa lipo suala la magurudumu manne yenyewe. Katika Hiace hii, mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma unasimamiwa na kiungo chenye sahani nyingi nyembamba zilizozama ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakizunguka kwa kasi moja, sahani huenda pamoja kwa utulivu. Upande mmoja ukiteleza, sahani hupishana, mafuta hupata joto na kuzishika, na nguvu huhamia upande wenye mshiko. Utaratibu huo ni mzuri mno kwenye utelezi, lakini una sharti moja lisilosamehe: matairi yote manne lazima yawe na mzingo uleule. Mtu mwenye fedha za matairi mawili tu, akiyafunga makubwa nyuma na kuacha madogo mbele, anakiambia kiungo hicho kwamba gari linateleza saa zote. Kitapata joto saa zote, mpaka kishikane kabisa au kipoteze nguvu, na kukibadilisha ni gharama kubwa.

Hata saizi moja haitoshi kama uchakavu hautoshani. Tairi jipya la kipenyo cha milimita 729 huzunguka mara 437 kwa kilomita moja. Tairi la aina hiyohiyo lililokwisha meno kwa milimita 7 lina kipenyo cha milimita 715, na huzunguka mara 445. Tofauti hiyo ya mizunguko zaidi ya 8 kwa kilomita, katika safari ya kilomita 400, huwa karibu mizunguko 3,400 ya kupishana ambayo haikusababishwa na utelezi wowote, na huzidishwa tena na uwiano wa difu kabla ya kufika kwenye kiungo. Hivyo matairi hununuliwa manne kwa pamoja, ya kampuni moja na muundo mmoja, na hubadilishana nafasi za mbele na nyuma kila baada ya kilomita 8,000 hivi. La tano, la spea, liwe la saizi hiyohiyo. Na hapa hujitokeza tatizo la vitendo, maana spea ya Hiace huning'inia chini ya sakafu ya nyuma, na tairi kubwa huenda likagusa au likashuka chini na kupoteza nafasi yote iliyopatikana. Kulipima kabla ya kulilipia huokoa usumbufu.

Tairi kubwa hubadilisha pia gia, spidomita na breki kwa wakati mmoja. Kutoka milimita 693 hadi 729 ni ongezeko la asilimia 5. Spidomita ikisoma 80, gari liko kwenye 84; ikisoma 50 katikati ya mji, gari linakaribia 53. Spidomita nyingi hutoka kiwandani zikisoma juu kidogo, kwa hiyo sehemu ya kosa humezwa, lakini mmiliki apime kwa GPS badala ya kukisia. Kwa magari ya abiria nchini Kenya, ambako kidhibiti mwendo huwekwa kwenye kilomita 80 kwa saa, jambo hili lina uzito wa kisheria: kidhibiti huhesabu mizunguko, hakijui kwamba tairi limekua, na kitaruhusu mwendo uliozidi kikiamini kuwa kiko ndani ya kikomo. Inabidi kisawazishwe upya. Mlimani, gari huwa kama limeongezewa gia ndefu. Dereva wa injini ndogo ya petroli atashuka gia mapema kuliko alivyozoea. Breki nazo hupoteza karibu asilimia 5 ya mshiko wake barabarani kwa nguvu ileile ya mguu, kwa kuwa diski haikukua pamoja na tairi.

Magari mengine ya aina ya basi dogo hufuata kanuni tofauti kidogo. Noah, Voxy, Alphard na Mitsubishi Delica D:5 za magurudumu manne zina koili na shokapu zilizounganishwa kuwa nguzo moja kila upande wa mbele, na huinuliwa kwa spesa zinazofungwa juu ya nguzo hizo. Spesa ya alumini au ya plastiki ngumu iliyochongwa vizuri, isiyozidi milimita 30, ni kazi ya nusu siku, na hubadilisha sana maisha ya Noah inayopanda kwenye vijiji vya milimani. Spesa iliyokatwa kutoka kwenye mpira wa tairi la zamani, au mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine, ni hatari: bolti huishiwa nyuzi za kushika. Nati inayofika ukingoni mwa bolti bila kuipita haijakaza chochote.

Ni vyema kutazama jinsi kiwanda kimoja kilivyolifanya jambo hili la kuweka tairi kubwa. Katika miaka ya 1980 Volkswagen ilishirikiana na kampuni ya Steyr-Daimler-Puch ya mjini Graz, Austria, kutengeneza basi dogo la Syncro la magurudumu manne, nalo likitumia kiungo cha sahani na mafuta ya silikoni. La kawaida lilikuwa na rimu za inchi 14. Baadaye likatoka lenye rimu za inchi 16 kwa ajili ya njia mbaya zaidi. Wahandisi hawakuishia kwenye kubadilisha rimu: walipanua matao ya magurudumu, waliimarisha bodi, waliweka breki kubwa na jointi za shafti zenye nguvu zaidi, na kubadilisha mikono ya magurudumu. Inchi mbili za rimu ziligusa karibu kila kiungo cha chini ya gari. Orodha hiyo yapaswa kubandikwa ukutani kwa kila fundi anayeahidi kumaliza kazi kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Limebaki suala la kupinduka, na hapa hakuna cha kubembeleza. Bodi ikipanda milimita 30 hadi 40 na tairi likaongeza 18, kiini cha uzito hupanda karibu sentimita 5, ilhali nafasi kati ya magurudumu ya kulia na kushoto haijaongezeka. Likiwekwa keria juu, na juu ya keria mizigo na spea iliyokosa mahali chini, gari jembamba huwa limebadilika tabia kabisa. Kona iliyokuwa ikikatwa kwa kilomita 60 haikatwi tena kwa mwendo huo. Mizigo mizito hukaa sakafuni, katikati ya ekseli mbili, na keria huachiwa magodoro na mahema. Gari la kubeba abiria kwa nauli lina wasimamizi wake, LATRA nchini Tanzania na NTSA nchini Kenya, na mwenye gari aulize kabla ya kukata chuma. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi, kwa sababu gari lililobadilishwa bila taarifa humpa mlipaji kisingizio cha kutolipa.

Kazi ikikamilika, gari huendeshwa kilomita 100 hivi za barabara mchanganyiko, kisha hurudi gereji. Yubolti za springi za nyuma hukazwa tena, kwani springi mpya hukaa na kulegeza nati zake. Nati za magurudumu nazo hukazwa, na vifuniko vya sivi jointi, mipira ya breki na alama za mkwaruzo hukaguliwa upya. Kwa Hiace inayobeba watu kwenye barabara za changarawe na tope la masika, kipimo cha busara ni tairi la 215/75R16C, pua iliyopandishwa milimita 25 hadi 30, mkia uliopandishwa si zaidi ya 40, na vali ya breki iliyorekebishwa. Asiyeweza kulipia yote hayo kwa pamoja atafaidika zaidi na matairi manne mapya ya 195/80R15 yenye meno ya njia mbaya na namba ya mzigo 107, gari likiachwa katika kimo chake. Na anayehitaji kupita mahali ambapo hata Hiace iliyoinuliwa hivyo haifiki, anahitaji gari la aina nyingine.